Gia za Datsun 240Z Zinakataa Kuingia? Usikubali Fundi Ashushe Giaboksi Kabla Ujaribu Hivi

Umepata Datsun 240Z. Labda ni ya guka, imelala chini ya turubai miaka mob, ama umeiokota kwa msee aliyechoka nayo. Injini inanguruma fiti, wasee wa mtaa wanapiga picha, alafu unajaribu kuweka riverse na giaboksi inalia kraaa! Fundi anakunja uso: "Boss, hii giaboksi imeisha. Tuishushe."

Tulia kwanza. Hii ndio ndai iliyoshinda Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikarudia 1973 Shekhar Mehta akiwa kwa usukani na Lofty Drews kando yake. Haikuundwa na karatasi. Na ukipoteza giaboksi yake orijino, kupata ingine ni doo na ni kesi. So kabla spana iguse boliti, jipimie mwenyewe.

Zima injini kabisa. Pitisha gia zote za mbele, alafu riverse. Zinaingia smuu? Sasa washa injini, kanyaga klachi hadi chini, jaribu tena. Kama saa hii ndio zinakataa, shauku yangu ya kwanza si giaboksi, ni klachi haiachilii. Yaani umekanyaga, lakini sahani ya klachi bado inaburutwa na injini, na inazungusha shafti ndani ya giaboksi. Riverse haina sinkro, kwa hivyo ndio hulia ya kwanza.

Fungua boneti ucheki kile kikopo kidogo cha maji ya klachi. Kimeshuka? Kuna mahali panavuja. Ingia chini (na tafadhali weka stendi, jeki peke yake imemaliza watu) uangalie silinda ndogo iliyofungwa kando ya giaboksi. Vuta ile raba ya vumbi kidogo. Ikiwa ndani kumelowa, umepata mwizi wako. Pia mwambie beshte akanyage pedali ukiangalia: kile kichuma kinafaa kusukuma foku ya klachi vizuri. Kikisonga kidogo tu, toa hewa kwa laini kwanza. Hii ni kazi ya masaa machache, na unataka kushusha giaboksi nzima?

Alafu kuna hii, na hapa ndio wengi hulia. Kama shida ilianza baada ya klachi kubadilishwa, uliza kuhusu kola. Ile beringi ya klachi hukaa juu ya kola, na hizi Datsun zilikuwa na kola za urefu tofauti kulingana na presha pleti. Ukiweka presha pleti ya aina ingine na kola ya zamani, klachi inaweza kataa kuachilia hata kama kila kitu ni mpya kutoka kwa boksi. Fundi anashusha, anarudisha, anashusha tena, na wewe unalipa kila round. Usiwahi kubali vitu vya zamani vitupwe kabla vilinganishwe na vipya.

Sawa, klachi iko poa lakini gia ya pili inakwaruza ukibadilisha haraka? Hapo sasa ni sinkro, na ya pili ndio huchoka mapema. Kabla ulie, cheki oili. Kama sinkro za giaboksi yako ni za shaba, tafuta oili iliyoandikwa GL-4. GL-5 ni ya difu. Kemikali zake za salfa zinaweza kula shaba, na wenye hizi gari wengi hawaitaki kwa giaboksi. Ukimwaga ile ya zamani, vumbi laini la dhahabu si ajabu. Vipande vya chuma? Hapo fundi ako na pointi.

Masikio pia yatumie. Gari ikiwa nyutro na kelele inapotea ukikanyaga klachi, shuku beringi ya mbele ya giaboksi. Kelele ikianza ukikanyaga, ni ile beringi ya klachi.

Gia inaruka yenyewe ukiachilia mafuta? Anza na mauntingi ya giaboksi na bushi za lever, ni rahisi kuliko kufungua ndani.

Na ile "kong!" ukiondoka kwa taa, mara mingi haitoki kwa giaboksi kabisa. Shika propela kwa mkono, gari ikiwa imezimwa na magurudumu yamewekewa mawe, uizungushe huku na huku. Ikicheza kwa krosi, badilisha krosi. Cheki pia krosi za shafti mbili za nyuma, alafu mauntingi ya mbele ya difu. Hiyo raba ikikatika, pua ya difu huinuka kila ukikanyaga mafuta, na ndio unasikia hiyo ngumi chini ya kiti.