MWANO WA HEWANI

Sote tunaujua mwano. Ng'ombe wakiibiwa usiku, mtu hupiga yowe. Jirani akisikia, halali tena. Naye hupiga yowe na kutoka nje. Kijiji cha pili husikia, kisha cha tatu. Kwa muda mfupi habari imefika mbali kuliko miguu ingeweza kuipeleka. Sungusungu walipoanza upande wa Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, walitumia mwano huohuo.

Leo tunazungumza juu ya mwano mwingine, unaopita hewani. Unapita kwa simu ya upepo, ambayo wengi huiita redio kol. Polisi wanayo. Zimamoto wanayo. Migodi mikubwa ya Geita na Kahama inayo. Tena duniani wapo watu ambao si polisi wala si zimamoto, lakini hukaa na vyombo vyao na kusikiliza mazungumzo hayo kwa kupenda tu. Je, watu hao wanasaidia au wanaharibu?

Simu ya upepo si simu ya mkononi

Ukimpigia mtu simu ya mkononi, sauti yako hupita kwenye mnara wa kampuni na kumfikia huyo mmoja. Simu ya upepo ni tofauti. Ni kama kusema barazani. Kila mwenye chombo kilichofunguliwa kwenye wimbi lile anasikia. Unabonyeza kitufe ili useme, unakiachia ili usikie. Wawili hawawezi kusema pamoja. Ndiyo maana msemaji akimaliza husema "ova", yaani nimemaliza, sasa sema wewe.

Mawimbi nayo ni ya namna mbalimbali. Yale ya vyombo vya mkononi husafiri moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Mlima ukiwa katikati, yanakwama. Ndiyo maana wenye kazi hiyo huweka mtambo wa kupokeza sauti juu ya kilima. Mawimbi mafupi ni tofauti. Hayo hupanda juu sana angani, hugonga tabaka la juu la hewa na kurudi chini mbali sana, hata nchi nyingine.

Wanaredio wa ridhaa

Watu wanaopenda kuzungumza kwa simu ya upepo bila kutafuta faida huitwa wanaredio wa ridhaa. Ni kama wachezaji wa mpira wa ridhaa. Hawalipwi, ila wanajifunza na kufurahi. Kila mmoja ana leseni na jina lake la hewani. Majina ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Z, ya Uganda 5X. Kwetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa mwaka 2003.

Watu hawa wamekwisha kuokoa maisha ya wengi. Tuchukue mfano mmoja.

Tarehe 25 Mei 1928, chombo cha angani kilichoitwa Italia kilianguka kwenye barafu, kaskazini ya mbali ya dunia. Kilikuwa na watu 16. Walionusurika pale barafuni walikuwa na redio ndogo. Wakaomba msaada siku baada ya siku. Meli yao wenyewe, iliyokuwa inawangojea, haikuwasikia. Mawimbi mafupi yana tabia hiyo: yanaweza kumruka aliye karibu, yakatua kwa aliye mbali.

Tarehe 3 Juni, kijana mmoja wa Urusi aitwaye Nikolai Schmidt alikuwa akisikiliza redio aliyoiunda mwenyewe. Alikuwa katika kijiji cha mbali kiitwacho Voznesenye-Vokhma. Akasikia maneno machache ya kuomba msaada. Hakunyamaza, wala hakuyafanya hadithi ya kilabuni. Alipeleka simu ya maandishi Moscow. Tarehe 12 Julai meli ya kuvunja barafu iitwayo Krasin iliwafikia watu waliokuwa bado barafuni. Kati ya wale 16, watu 8 walipona.

Basi tuone. Mji mkubwa haukusikia. Meli haikusikia. Aliyesikia ni mtu wa kijijini mwenye chombo cha kujitengenezea.

Huku kwetu Afrika Mashariki

Mwaka 1957 ilianzishwa huduma ya madaktari wa ndege, AMREF, yenye makao yake Nairobi. Hospitali nyingi za misheni zilizokuwa mbali na barabara zilifungiwa simu za upepo. Mganga aliweza kumwuliza daktari bingwa juu ya mgonjwa, au kuomba ndege.

Kwa kuwa wimbi lilikuwa moja, wote walisikia habari za wote. Ukawepo utaratibu mzuri. Hospitali ya mbali ikiita na isisikike vizuri, iliyo katikati huupokea ujumbe na kuupeleka mbele. Mengine yote, aliyesikia huyaacha palepale. Jina la mgonjwa na ugonjwa wake si habari za sokoni.

Sikio halilali na njaa

Hapa ndipo penye shida. Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Siku hizi vyombo vidogo vya simu ya upepo vinauzwa kwa bei ndogo. Mtu anaweza kukinunua na kuanza kutafuta mawimbi ya polisi au ya mgodi.

Tuseme duara limeporomoka. Msikilizaji anasikia waokoaji wakitaja jina la aliyekufa. Anaituma habari kwa simu kwa rafiki zake. Mke wa mchimbaji anapata msiba wake barabarani. Pengine jina lenyewe lilisikika vibaya, na mtu yule yu hai! Tena watu mia wanakimbilia mgodini na kusimama kwenye ukingo wa shimo. Uzito wao unaongeza hatari kwa walio chini. Mwizi naye akisikia polisi wako wapi, anajua apite njia gani.

Kwa hiyo sheria ni kali. Kanuni za kimataifa za redio zinazikataza nchi kuacha watu wanase mazungumzo yasiyo ya watu wote, au kuyatangaza. Hapa Tanzania ipo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kunasa mawasiliano ya wengine bila idhini ni kosa. Kutumia simu ya upepo bila leseni pia ni kosa. Ukibonyeza kitufe kwa mchezo kwenye wimbi la waokoaji, unaweza kuziba mdomo wa mtu anayeomba msaada.

Lakini mwano wenyewe ni kitu kingine. Meli inayozama au ndege inayoanguka ikiomba msaada, kila kituo kinachosikia kinatakiwa kuitikia. Tangu mwaka 2003 kanuni za kimataifa zinasema wazi kwamba wanaredio wa ridhaa wanaweza kupeleka ujumbe wa watu wengine wakati wa maafa. Tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi makubwa ya bahari yalipopiga visiwa vya Andaman vya India, wanaredio wa ridhaa waliokuwa huko walipeleka habari simu zilipokatika. Hao walikuwa na leseni, na walijua la kusema na la kunyamazia.

Chini ya ardhi redio ni bubu

Wachimbaji wetu, hili ni lenu. Mawimbi ya redio hayapiti kwenye mwamba mnene. Migodi mikubwa hupitisha nyaya maalumu chini ili sauti itoke. Duara la mchimbaji mdogo halina nyaya hizo. Ukishuka na simu ya mkononi, baada ya mita chache inakuwa tochi tu.

Mwaka 2015 wachimbaji walifukiwa huko Nyangalata, Kahama. Watu 5 walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Januari 2017, huko Nyarugusu, Geita, wachimbaji 15 walifukiwa na wote walitolewa hai baada ya siku tatu hivi. Tunamshukuru Mungu. Lakini siku 41 ni nyingi mno! Aliye chini hawezi kupiga mwano wa hewani. Lazima aliye juu ampigie.

Tufanye nini?

Kwanza, kila duara liwe na daftari mdomoni pake. Andika jina la kila anayeshuka, saa aliyoshuka na saa aliyopanda. Waokoaji wakifika, swali la kwanza ni hili: wako wangapi chini? Bila daftari, kila mtu anataja hesabu yake. Ndugu uliyejifunza kusoma ukubwani, kazi hii unaiweza kabisa.

Pili, ajali ikitokea piga simu. Polisi ni 112, zimamoto na uokoaji ni 114. Sema kijiji, kata na wilaya. Sema nini kimetokea, na watu wangapi wamo. Sema njia gani inapitika. Andika kwanza kwenye karatasi, maana mwenye hofu husahau.

Tatu, wenye kitambaa au kamba ya kuzungushia wazuie watu wasisogee shimoni.

Nne, ukisikia habari za maafa, mweleze anayeweza kusaidia. Usiyataje majina kabla ndugu zao hawajaambiwa.

Mwano ukipigwa, mwanakijiji mwema huitikia. Asiyeitikia hulaumiwa. Lakini naye anayepiga mwano wa uongo hulaumiwa zaidi. Hewani ni vivyo hivyo.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini simu ya upepo ni kama kusema barazani?
2. Nikolai Schmidt alifanya nini baada ya kusikia? Angenyamaza ingekuwaje?
3. Je, maduara ya kijiji chenu yana daftari la majina? Kama hayana, nani ataanza?