Pima seva kabla hujailipia

Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua HealthCare.gov, tovuti ya kuuzia bima ya afya. Watu walifurika, wengi wakakwama mlangoni. Nyaraka zilizotolewa baadaye na kamati ya Bunge la nchi hiyo zilionyesha kuwa siku ile ya kwanza waliokamilisha kujiandikisha walikuwa 6 tu.

Mfanyabiashara anayepokea oda kwa tovuti, au mwekezaji anayetaka kutia fedha katika kampuni ya namna hiyo, hana haja ya kungoja siku kama ile. Kipimo kipo, tena ni cha bure. Kinaitwa ApacheBench, kwa kifupi ab, nacho hutolewa pamoja na seva ya Apache. Kwenye kompyuta yenye Ubuntu, fundi huandika sudo apt install apache2-utils, basi.

Amri ya kupimia ni ab -n 1000 -c 50, ikifuatiwa na anwani ya ukurasa. Maana yake: peleka maombi 1,000, 50 kwa wakati mmoja. Anwani ya ukurasa wa mwanzo imalizike kwa mkwaju, la sivyo programu huikataa.

Wauzaji wa huduma ya seva hupenda kumwonyesha mteja wastani, na hapo ndipo wengi hupunjwa. Tuseme maombi 900 yamejibiwa kwa sekunde 0.2 na 100 yaliyobaki kwa sekunde 3.2. Wastani ni nusu sekunde, yaani kama maombi 100 kwa sekunde, hesabu ya kupendeza kabisa. Lakini mteja 1 katika kila 10 amesubiri zaidi ya sekunde 3, na huenda alikwisha kwenda kwa jirani. Kwa hiyo soma jedwali la asilimia lililo chini ya ripoti, hasa mistari ya 95 na 99.

Usipime ukiwa ndani ya seva ileile, na mwenye seva aarifiwe kwanza, maana mzigo huo hufanana na shambulio. Aidha, ab huchukua ukurasa mmoja bila picha zake. Ukurasa wa mwanzo mara nyingi ni mwepesi. Pima ule wa kutafutia bidhaa. Ukiwa unabadilika kila ukifunguliwa, ongeza -l, vinginevyo majibu mazima yatahesabiwa kuwa yameshindwa.