Kipwa Jikoni: Msamiati wa Kubana Matumizi katika Kiswahili cha Uvira

Makala haya yanakusudia kueleza baadhi ya maneno yanayotumika nyumbani mjini Uvira na katika vijiji vya pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, hasa katika miezi ya ukavu, familia inapolazimika kupima kila kitu: unga, moto, maji na fedha. Hapana budi tuanze kwa tahadhari moja. Neno "makala" lenyewe, ambalo msomaji wa jarida hili hulielewa kuwa ni andiko, kwa mama wa Uvira ni kitu cha kuchafua mikono. Makala ni makaa. Kiswahili cha pwani kiliidondosha "l" iliyokuwa kati ya irabu mbili. Kiswahili cha Kongo kimeihifadhi, kama kilivyoihifadhi katika "njala" na "mvula". Kwa hiyo mwanafunzi anayesahihisha "makala" kuwa "makaa" anamsahihisha mtu ambaye umbo lake la neno ni kongwe kuliko lake yeye.

Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu tafiti nyingi za Kiswahili cha Kongo zimejikita Lubumbashi, tangu makala za Polomé za miaka ya 1960 hadi kazi ya Schicho ya mwaka 1982. Uvira imepata bahati ndogo. Tena, pale inapotajwa, aghalabu hutajwa kwa ajili ya vita, mafuriko au kipindupindu. Msamiati wa jikoni haujapewa nafasi yake, ilhali ndiko lugha inakofanya kazi kila siku.

Msomaji wa vitabu vya Ulaya amezoea kuona kubana matumizi kukihusishwa na majira ya baridi: madirisha yamefungwa, kuni zinahesabiwa. Uvira iko kando ya ziwa, kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na joto halikosi mchana. Nyuma ya mji kuna milima ya Mitumba ambayo vilele vyake hupita mita 3,000, na wakazi wa nyanda za juu wanaijua baridi ya kweli katika Juni na Julai. Mjini, baridi ya miezi hiyo huja na upepo wa kusini unaosafiri juu ya urefu wote wa ziwa; alfajiri watu hujitanda kikwembe, jina ambalo Wakongo hulitumia kwa kitenge. Majira haya huitwa "kipwa". Kwa mtu wa pwani, kipwa ni fungu la mchanga au mwamba unaoonekana bahari inapokupwa, na majira ya ubaridi yeye huyaita kipupwe. Wazo la maji kurudi nyuma na kuacha nchi kavu linaonekana katika matumizi yote mawili, ingawa hatupendi kujenga nadharia ya asili ya neno juu ya mfanano huo peke yake.

Kipwa kina sura mbili katika uchumi wa nyumba. Mboga za bustani hupungua na maji huwa haba. Lakini jua ni la uhakika, na jua ni ghala. Ndagala, yaani dagaa, huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutiwa na taa. Mwezi unapokuwa mpevu taa za wavuvi hazifui dafu, na kwa siku kadhaa mitumbwi hukaa ufukoni. Ndiyo maana mwezi wa angani ni kalenda ya jikoni pia. Mama mwenye busara hununua ndagala wakati wa giza, bei ikiwa nafuu, akawaanika juu ya mchanga au juu ya chanja, na kula akiba hiyo wakati wa mbalamwezi. Masika hairuhusu jambo hili kwa urahisi, kwani samaki walioloa mvua huoza kabla ya kukauka. Muhogo nao huanikwa katika miezi hii hii.

Utaratibu huu umeingiliwa na jambo jipya. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kuwa uvuvi ufungwe kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, na mwaka 2024 Tanzania iliufunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Sababu za kitaalamu zinaeleweka. Hata hivyo tarehe hizo zinaangukia karibu kipwa chote, yaani majira yale yale ambayo jua lilikuwa likiitengenezea familia akiba yake. Mwenye kutunga sheria anahesabu samaki walioko majini. Mwenye nyumba anahesabu walioko chanjani. Sisi hatuoni kwamba mmoja wao amekosa hesabu.

Suala hili si la ladha tu. Chakula kikuu ni bugali (ugali) wa unga wa muhogo, na muhogo mchungu una sumu ambayo huondolewa kwa kulowekwa siku kadhaa na kuanikwa vizuri. Njala inapobana, siku za kuloweka ndizo huwa za kwanza kupunguzwa, kwani tumbo halisubiri. Katika eneo la Kwango, magharibi mwa Kongo, daktari Trolli alieleza mwaka 1938 ugonjwa wa kupooza miguu ghafla na bila kupona, ambao wenyeji waliuita konzo. Baadaye watafiti waliuhusisha na muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha, ukiliwa na watu wasiopata protini ya kutosha, hususan ile yenye salfa ambayo mwili huihitaji kuivunja sumu hiyo. Ndagala wachache juu ya bugali wana kazi kubwa kuliko ukubwa wao. Basi yapo mambo ambayo nyumba haiwezi kuyabania, na kina mama wengi walilijua hili kabla ya maabara: unga uliofanywa haraka huchunguliwa na kunuswa kabla ya kununuliwa.

Tugeukie moto. Jiko la makaa huitwa mbabula, neno ambalo Warundi na Wanyarwanda nao wanalo kwa umbo la "imbabura". Katika mbabula moja mpangilio wa vyungu ni elimu. Sombe, yaani kisamvu, hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu, kwa hiyo hupata moto wa kwanza, makala yakiwa mapya. Maharage yaliyolowekwa tangu usiku hufuata, au hupikwa siku moja kwa ajili ya siku mbili. Bugali husongwa mwisho, kwa kuwa hauhitaji muda, nao huliwa ukiwa moto. Makala yaliyosalia hayazimwi kwa maji. Hufunikwa kwa majivu ili yalale, na asubuhi yafukuliwe kwa ajili ya chai. Kitenzi kinachotumika hapa, "kulala", kinatumika pia kwa chakula: sombe iliyolala, bugali uliolala. Kiswahili cha pwani kina kiporo, mwiku na bariyo. Uvira wanaridhika na kitenzi kimoja kwa moto na kwa chakula.

Kuhusu maji, mambo ni mazito zaidi. Uvira hupata maji ya bomba kutoka mtambo wa Regideso unaochota katika mto Mulongwe. Umeme ukikatika au mitambo ikiharibika, mabomba hukauka, na watoto huchukua vidumu kwenda mtoni au ziwani. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2015 walilinganisha kumbukumbu za uzalishaji wa maji mjini humo na za wagonjwa waliolazwa kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu, kuanzia mwaka 2009 hadi 2014. Waliona kuwa siku moja bila maji ya bomba, ikilinganishwa na siku ambayo mtambo ulitoa maji kwa kiwango kizuri, ilifuatiwa na idadi ya wagonjwa iliyozidi maradufu katika siku 12 zilizofuata. Kwa hiyo kidumu kilichojazwa juzi na kufunikwa vizuri ni dawa. Katika nyumba yenye nidhamu, maji ya bomba ni ya kunywa na kupikia. Ya mtoni ni ya kufua na kuoshea. Na maji yaliyooshea mchele au mboga humwagwa penye mche, si uani. Anayechanganya vidumu hukemewa, hata akiwa mgeni.

Fedha nazo zina historia yake. Oktoba 1993 serikali ya Zaire ilileta sarafu mpya, zaire moja mpya ikibadilishwa kwa zaire 3,000,000 za zamani, na mwaka uliofuata mfumuko wa bei ukapita asilimia 9,000. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo. Familia zilizopitia miaka hiyo zilijifunza kutoiamini noti. Akiba ikawekwa katika vitu: vikwembe ambavyo havijakatwa, miche ya sabuni, ndagala waliokauka, mafuta ya mawese. Kikwembe kilichokunjwa sandukuni si pambo. Ni benki, nacho huuzwa mtoto anapougua au karo inapodaiwa. Pamoja na hayo upo mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, unaoitwa likelemba, neno lililokuja kutoka upande wa Lingala. Wenye kudunduliza hutoa kiasi sawa kila juma au kila mwezi, na mmoja hupokea zote. Likelemba haina karatasi wala mahakama. Aliyekwisha kupokea akatoroka amejitenga na mtaa mzima.

Katika kusikiliza mazungumzo ya nyumba hizi, mgeni hupotoshwa zaidi na maneno anayodhani anayajua. Mama akimwambia bintiye, "Mama, tosha unga," msemaji wa Kiswahili sanifu atafikiri unga unaamriwa uwe wa kutosha. Maana yake ni "toa unga". Umbo hili lina kanuni yake: kama "waka" huzaa "washa", na "choka" huzaa "chosha", ndivyo "toka" huzaa "tosha", yaani kufanya kitu kitoke. Katika Kiswahili sanifu "tosha" hujulikana zaidi kwa maana ya utoshelevu. Uvira wamempa binti huyu wa "toka" nafasi yake, kisha kwa maana ya utoshelevu wakatumia "kuenea". "Unga haienei" maana yake ni kwamba unga hautoshi. Hapa pwani haiko mbali: nasi husema chakula kimewaenea wageni, yaani kimemfikia kila mmoja. Kwa hiyo kamusi ijayo ingehitaji kuwa na "tosha" mbili, na katika "enea" ionyeshe kuwa maana ambayo kwetu ni ya pembeni, kwao ndiyo ya katikati.

Kidahizo kigumu zaidi pengine ni gigozi. Ni kopo la maziwa ya unga ya Guigoz, ambalo likiisha maziwa huwa kipimo cha sokoni cha unga, mchele na maharage katika Kivu. Tukiandika "kopo" tutakuwa tumeeleza chombo na kuacha kipimo. Tukiandika uzito kwa gramu tutakuwa tumedanganya, kwa kuwa gigozi ya mchele si gigozi ya unga, na ile iliyobonyezwa kitako na muuzaji si ile iliyotoka dukani. Mnunuzi mzoefu huingiza vidole ndani ya kopo kabla ya kutaja bei.