Kurekebisha Plau la Trekta Kuukuu kwa Mashindano ya Kulima



Katika orodha za mali za vyama vya msingi ninazozipitia hapa Buzuruga, si ajabu kukuta mstari usemao: "Trekta moja, Massey Ferguson 135, pamoja na plau la sahani tatu." Matrekta ya aina hiyo yalianza kutoka kiwandani mwaka 1964, na vitabuni thamani yake imekwisha zamani. Nia ya makala haya ni kueleza kwamba plau kuukuu lililorekebishwa sawasawa lina faida isiyoonekana vitabuni, na kwamba mashindano ya kulima ni njia nyepesi ya kuidhihirisha faida hiyo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja ambacho sitakitaja. Kitabu cha dizeli kilionyesha matumizi makubwa mno kwa kila eka. Niliandika hoja ya ukaguzi, na kamati ikamsimamisha dereva kazi kwa shaka ya wizi wa mafuta. Dereva huyo, mzee aliyenizidi umri, hakubishana. Alisema tu, "Ndugu Mkaguzi, kabla hujafunga kitabu, twende shambani ukapime."

Tulikwenda, tukapima. Plau lililopaswa kukata upana wa sentimeta 90 lilikuwa likikata sentimeta 75, kwa kuwa fremu yake ilikuwa imegeuka upande na hakuna aliyewahi kuigusa kwa spana. Nilipiga hesabu pale pale. Eka moja ni meta za mraba 4,047. Kwa upana wa sentimeta 90, trekta hutembea meta 4,497 kuimaliza. Kwa sentimeta 75, hutembea meta 5,396. Tofauti ni karibu meta 900 kwa kila eka, yaani kilometa 90 kwa eka mia moja, mwendo unaozidi ule wa kutoka Mwanza mjini hadi Magu. Dizeli haikuibwa, ilichomwa bure. Niliifuta hoja yangu na kumwomba radhi mzee yule mbele ya kamati. Tangu siku hiyo sikagui kitabu cha dizeli bila kulitazama plau.

Mashindano hupima nini?

Mashindano ya dunia ya kulima kwa trekta yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1953 huko Cobourg, Kanada. Mwaka 1995 yalifika kwa jirani zetu wa Kenya, katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Uingereza na Ireland huwa na madaraja maalumu ya matrekta na maplau ya zamani. Waamuzi hawatazami rangi wala mwendo wa kasi. Hutazama kama mifuo imenyooka, kama kina ni kimoja toka mwanzo hadi mwisho, kama majani yamefukiwa yote, na kama mfuo wa kwanza na wa mwisho imefanywa kwa usafi. Wenzetu hao hutumia zaidi plau lenye bamba la kupindua udongo. Sisi, kwa ajili ya visiki na mawe, tumezoea plau la sahani. Basi tushindanishe sahani kwa sahani.

Matengenezo kabla ya kwenda shambani

Kwanza, pima sahani. Zote ziwe na kipenyo kimoja. Iliyolika kuliko wenzake haifiki chini, na mfuo wake hubaki juu. Tikisa kila sahani kwa mkono. Ikicheza, beringi imekwisha. Kaza bolti zote na tia grisi.

Pili, jaza upepo sawa katika matairi ya kulia na ya kushoto, na legeza minyororo ya pembeni kidogo ili plau lipate kujifuata lenyewe.

Tatu, sawazisha plau. Trekta linapolima, gurudumu la kulia hupita ndani ya mfuo na la kushoto hupita juu ya ardhi isiyolimwa. Kwa hiyo, kwenye sakafu tambarare, pandisha magurudumu ya kushoto juu ya magogo yenye unene sawa na kina unachokitaka, tuseme sentimeta 20. Shusha plau. Rekebisha mkono wa kunyanyulia wa kulia hadi fremu ilale sambamba na sakafu na sahani zote ziiguse kwa pamoja.

Nne, rekebisha mkono wa juu. Ukiufupisha, sahani ya mbele huchimba zaidi. Ukiurefusha, ya nyuma ndiyo huzama.

Tano, weka upana wa mfuo wa mbele kwa kugeuza fremu, kisha kaza gurudumu la nyuma la plau ili lizuie msukumo wa pembeni. Usukani ukimvuta dereva upande mmoja kutwa nzima, tatizo liko hapa, si mikononi mwake.

Sita, tazama mlalo wa sahani. Plau la sahani huingia ardhini kwa uzito wake. Sahani iliyosimama zaidi huzama vizuri. Iliyolala zaidi huelea. Katika mbuga iliyokauka isimamishe. Katika luseni, ambao ni mchanga mwepesi, waweza kuilaza. Mbuga iliyolowa usiilime kabisa. Ngoja ikauke kiasi.

Kufungua mfuo wa kwanza

Simika fimbo tatu zilizopakwa chokaa katika mstari mmoja. Dereva aitazame ya mbali, si gurudumu lake. Mfuo wa kufungulia uwe wa kina cha nusu: inamisha plau ili sahani ya mbele ikwaruze tu na ya nyuma ikate. Safari ya pili, gurudumu la kulia likiwa limekwisha ingia katika mfuo, rudisha vipimo vyote kama vilivyowekwa kwenye magogo. Baada ya meta ishirini simama, shuka, pima kina cha kila mfuo kwa rula. Mfuo mmoja juu na mwingine chini ni dalili kwamba plau halijasawazishwa.

Pendekezo

Napendekeza vyama jirani vishindane mara mvua za kwanza zikinyesha, kabla ya Novemba 15, siku ambayo kwa desturi upandaji wa pamba huanza. Viwanja vya Nyamhongolo wakati wa Nane Nane vinafaa kwa maonyesho, lakini Agosti ardhi ni kavu mno kumpima dereva kwa haki. Vifaa vinavyohitajika ni kamba, rula, spana na fimbo tatu. Zawadi si lazima iwe kubwa. Matokeo yaandikwe katika kitabu cha trekta, karibu na safu ya dizeli, ili mkaguzi ajaye ayasome kwanza kabla hajamshuku mtu.