Breki Zinapolia Baada ya Kutengenezwa

Mara nyingi mtu huacha motakaa yake kwa fundi wa Dar es Salaam, ikatiwa pedi mpya za breki, naye akirudi Bagamoyo kwa njia ya Bunju na Mapinga husikia mlio ambao hakuusikia kabla.

Twamshauri aangalie kwanza mlio huo waja wakati gani. Ukija asubuhi tu, kisha ukaisha baada ya kukanyaga breki mara chache, hiyo ni kutu: hewa ya chumvi ya pwani yetu huzitia kutu diski za chuma kwa usiku mmoja. Tumeona watu wakigombana na fundi bure kwa ajili yake. Pedi mpya nazo huweza kulia kidogo mpaka zizoeane na diski. Ikiwa breki zakwaruza hata mguu ukiwa umeinuliwa, yamkini kijiwe kimenasa, au lile bati jembamba la kukinga vumbi limepindwa kazini na sasa lagusa diski. Kulinyoosha si kazi kubwa.

Lakini akisikia kishindo kila akanyagapo, au chuma kikisaga chuma, na asimame papo hapo, kwani huenda bolti haikukazwa. Motakaa hiyo ivutwe, isiendeshwe, hata kama amekwisha kufika Zinga na nyumbani ni karibu.