Nta Nyeupe Kwenye Plastiki Nyeusi

Gari likitoka kuoshwa na kupakwa nta pale Ndeeba au Bwaise, Kampala, rangi hung'aa hadi ukajiona uso. Lakini inama utazame plastiki nyeusi ya bampa na ya mdomo wa fenda: ina michirizi myeupe, kana kwamba mtu amepaka chokaa akiwa na haraka. Ukilalamika, kijana huchovya kitambaa kwenye dizeli, anapitisha mara mbili, weupe unapotea. Kesho yake vumbi jekundu limeganda palepale, na nta bado iko chini yake.

Plastiki hiyo, ambayo aghalabu ni polipropilini, haipakwi rangi, na uso wake umejaa vibonde kama ganda la chungwa. Nta huingia humo ikakauka, kitambaa kikapita juu kwa juu. Maji hayaiwezi, kwa kuwa kazi yake yenyewe ni kuyafukuza. Jua nalo halisaidii: nta ya karnauba, itokanayo na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya minazi, huyeyuka ikipita nyuzi 80 za Selsiasi.

Kwanza hakikisha kweli ni nta. Magari yetu mengi yalitumika Japani miaka kadhaa kabla ya kufika Kampala, na plastiki iliyochoshwa na jua huwa ya kijivu, tena sawasawa kote. Nta haina mpangilio, na hupenda kukaa kandokando ya rangi. Kwaruza kibonde kimoja taratibu kwa kijiti cha meno. Ukitoka unga mweupe, ndiyo yenyewe.

Osha mchanga wote, kisha fanyia kazi kivulini, plastiki ikiwa imepoa. Nta ya jana hutoka kwa ufutio mweupe wa shule. Iliyokaa wiki kadhaa hutaka spiriti kidogo kwenye mswaki laini: sugua kwa kuzungusha, na upanguse kwa kitambaa safi kabla spiriti haijakauka, la sivyo nta uliyoilegeza itarudi vibondeni. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, na usiiguse rangi.

Wapo wanaosifia siagi ya karanga, nao hawadanganyi. Mafuta yake huilegeza nta, na chembe zake husugua. Ila usipoiosha vizuri kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sisimizi watakushukuru. Mimi yangu naila na muhogo.

Dizeli na petroli ziache. Huipenya polipropilini na kuivimbisha, na ule weusi wa siku moja unatokana na mafuta tu yaliyobaki juu. Petroli, zaidi ya hayo, huwaka kwa urahisi.

Safari ijayo, nunua utepe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi, ubandike kwenye plastiki zote kabla kijana hajafungua kopo la nta. Ni kazi ya dakika kumi.