Propela Shafti ya Gari Lililonyanyuliwa: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Safari ya bondeni huitesa propela shafti mara mbili. Kutoka Sumbawanga, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, barabara ya Ntendo–Muze huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi tambarare ya Ziwa Rukwa, karibu mita 1,000 chini. Gari huteremka tupu, springi zikiwa zimenyanyuka, na propela imekaa mshazari kupita kiasi. Hurudi limejaa mpunga, likipanda kwa gia ndogo, na propela hiyohiyo hubeba nguvu kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Kwa gari lililotoka kiwandani, hali hiyo ilishapigiwa hesabu. Kwa Land Cruiser mkonga iliyoongezewa vipande vya springi, au Land Rover 110 iliyofungwa injini na gia boksi ya Toyota, hesabu ya kiwandani haipo tena. Dukani muuzaji atakuuliza aina ya gari na mwaka wake tu, na hapo ndipo wengi hupoteza fedha. Gari lililobadilishwa hununuliwa propela kwa vipimo vyake lenyewe.

Hakikisha kilichokufa

Propela huharibika kwa hatua. Mlio wa "ko!" unapoachia klachi huashiria krosi, au meno ya propela yanayoteleza, vilivyolegea, ingawa hata difu lililolika hulia hivyo. Mtetemo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, hata ukibadilisha gia, huelekeza kwenye bomba lililopinda au propela isiyo na balansi. Kwenye propela ya vipande viwili, kama ya Hilux nyingi, kagua pia beringi ya katikati na mpira wake.

Ingia chini ya gari lililozimwa na kuzuiwa magurudumu, uishike propela kwa mikono miwili na kuizungusha huku na huku. Vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vya krosi maana yake grisi ilishakwisha. Fundi akiitoa krosi hiyo, tazama ncha zake nne: ncha nzima ni laini na inang'aa, iliyokwisha ina mistari iliyochimbwa na vijiti vya beringi, na ukipitisha ukucha unakwama. Kama ubovu ni huo tu, huhitaji propela nyingine.

Vipimo vinavyookoa fedha

Weka gari mahali tambarare, magurudumu yakiwa yamekanyaga ardhi. Pima kutoka uso wa flenji ya transfa hadi uso wa flenji ya difu. Pima likiwa tupu, pima likiwa na mzigo wako wa kawaida, kisha nyanyua chasisi kwenye stendi imara ekseli ikining'inia, upime tena. Andika pia idadi ya matundu ya bolti, umbali kati yake na kipenyo cha bomba.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba gari likinyanyuliwa milimita 50, propela nayo irefushwe milimita 50. Chukua propela ya mbele ambayo kati ya transfa na difu kuna milimita 750 kwa mlalo na 150 kwa wima. Mshazari wake ni nyuzi 11 hivi. Nyanyua gari milimita 50: mshazari unafika nyuzi 15, lakini urefu unaotakiwa unaongezeka milimita 11 tu. Aliyeongeza 50 atajuta siku gari litakapotumbukia shimoni na mzigo: meno yatafika mwisho wa njia yake, na propela itasukuma transfa na difu kama mtaimbo. Springi zikiwa zimebonyea kabisa, bado ibaki nafasi ya milimita 25 hivi ya kuteleza. Ekseli ikining'inia, meno yawe bado yameshikana kwa kina.

Machaguo, kuanzia la bei ya chini

Krosi mpya. Ndilo chaguo la gharama ndogo, na linatosha pale bomba limenyooka, meno hayachezi na matundu ya vikombe hayajapanuka. Kwa matope ya masika na kuvuka mito, chagua yenye nipeli ya grisi. Krosi iliyozibwa haina matundu ya kuipunguzia nguvu, lakini maji yakiingia huwezi kuyasukuma nje kwa grisi mpya. GMB na Koyo za Japani, na Hardy Spicer kwa Land Rover, ni majina ya kuaminika, ila yanaigwa sana. Dai risiti ya EFD, na kagua kama vikombe vyote vinne vinazunguka bila kukwaruza.

Kipande cha kuongezea kwenye flenji. Upungufu ukiwa wa milimita 10 hadi 25, kipande cha chuma kilichokerezwa vizuri na bolti ndefu za daraja la 10.9 humaliza kazi bila kukata bomba. Hakipunguzi mshazari, lakini hurudisha meno kwenye nafasi yake. Kwa gari lililonyanyuliwa kidogo, hapa ndipo unapopata thamani kubwa kwa fedha ndogo.

Propela iliyotumika. Inafaa gari ambalo urefu wake haujabadilika. Usinunue kwa picha ya simu. Chezesha meno, na likatae bomba lenye kibonyeo hata kidogo. Kisha jumlisha bei ya krosi mpya papo hapo, kwa sababu hujui zilizomo zimebakiza nini.

Kurefusha au kuunganisha kwa fundi mkerezaji. Kwa gari la mchanganyiko, lenye flenji ya Toyota upande mmoja na ya Land Rover upande wa pili, mara nyingi hakuna njia nyingine. Masharti ni matatu: bomba la propela lenye unene uleule, kamwe si bomba la maji, krosi za pande zote mbili zikae kwenye mstari mmoja, na balansi ifanyike kwa mashine. Kwa difu la 4.1 na tairi lenye mzingo wa mita 2.4, mwendo wa kilomita 80 kwa saa huzungusha propela zaidi ya mara 2,200 kwa dakika. Kwenye lami ya kwenda Tunduma, weldi iliyokaa upande itakula beringi za transfa na difu. Karakana ikikosa mashine ya balansi, waulize mafundi wa Mbeya kabla hujaruhusu bomba likatwe.

Hapa mkonga na 110 hutofautiana. Kwenye mkonga yenye loki za magurudumu ya mbele, ukizifungua na kutoa four-wheel, propela ya mbele hutulia. Kazi ya karakana ya karibu inaweza kuvumilika. Land Rover 110 huzungusha propela zote mbili muda wote. Kwake, balansi ni lazima mbele na nyuma.

Propela mpya yenye krosi pacha. Ndiyo ghali kuliko zote: juu ya bei kuna usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 18. Hufaa mshazari mkubwa uliobaki hata baada ya marekebisho mengine. Lakini inataka pua ya difu igeuzwe kuitazama transfa. Kwenye ekseli ya mbele, kuigeuza huko huvuruga usukani usipopangwa upya. Ukiifunga bila kazi hiyo, umelipa bei ya juu na mtetemo umebaki.

Bei kamili

Usilinganishe bei za rafu. Jumlisha kifaa, nauli ya mzigo kwenye basi, kazi ya fundi na siku za gari kulala. Tuseme gari hukuachia shilingi 80,000 kwa siku. Propela iliyo nafuu kwa shilingi 200,000 lakini inayochelewa siku nne zaidi imekutia hasara ya shilingi 120,000 kabla haijafungwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100, na kifaa kisichoingia kitaurudia mwendo huo kwa gharama yako.

Ushauri wangu ni huu. Gari la mzigo lililoongezewa springi tu: krosi bora na kipande cha flenji. Gari lililobadilishwa injini na gia boksi: propela ya kuunganishwa, yenye balansi, na krosi za akiba ndani ya gari. Krosi pacha aifikirie aliyenyanyua gari sana na aliye tayari kulipia kazi ya ekseli. Na yeyote unayemfuata dukani au karakanani, mpe karatasi ya vipimo vyako. Muuzaji asiyeitaka, mpite.